Dalí au Magritte: uanze na yupi?

Agosti ya mwaka 1929, katika kijiji cha wavuvi cha Cadaqués, Hispania, kijana wa miaka 25 aitwaye Salvador Dalí alipokea wageni kutoka Paris. Alikuwepo mshairi Paul Éluard na mkewe Gala, na alikuwepo mchoraji Mbelgiji, René Magritte, na mkewe Georgette. Likizo ilipoisha Éluard aliondoka peke yake. Gala alibaki na mwenyeji, na hawakuachana hadi kifo cha Gala mwaka 1982. Magritte alirudi na Georgette wake, akaendelea kuchora akiwa amevaa suti na tai.

Tofauti ya wawili hao unaweza kuisoma katika kisa hicho tu. Lakini anayeanza kuupenda usurealisti, ile sanaa inayochota kwenye ndoto na mambo ya ajabu, anataka zaidi ya umbea wa pwani ya Kikatalani. Anataka kujua atazame picha za nani kwanza, ajifunze kwa nani, na akipata vijisenti vya bango moja la ukutani, anunue lipi. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kiasi kwamba naona heri niliandike mara moja.

Nikiri mapema kwamba mimi ni wa Magritte, kwa hiyo ukinisoma nikimpiga vijembe Dalí, ujue vinatoka wapi.

Ndoto na kitendawili

Wote wawili wanawekwa kwenye kapu moja. Usurealisti ulizaliwa rasmi Paris mwaka 1924, mshairi Mfaransa André Breton alipotoa ilani yake iliyosema kwamba akili ya mchana, yenye adabu na hesabu, imetubana mno. Breton alitaka msanii achote kwenye ndoto, kwenye maneno yanayoponyoka, kwenye yale tunayoyaficha hata sisi wenyewe. Dalí aliichukua kauli hiyo kwa mikono miwili. Magritte aliichukua kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika samaki asiye na uhakika naye.

Picha ya Dalí ni ndoto iliyochorwa na mtu mwenye jicho la fundi saa. Tazama ile ya mwaka 1931 ambayo kila mtu ameiona hata kama hajui jina lake, picha ya saa zinazoyeyuka. Moja imetundikwa kwenye tawi la mti mkavu kama nguo iliyoanikwa. Nyingine imemwagika kwenye ukingo wa meza, na juu ya kioo chake ametua nzi. Ya tatu imelala mgongoni mwa kitu laini, cheupe, chenye kope ndefu, ambacho ukikikazia macho utagundua ni uso wa mtu aliyelala, uso wa Dalí mwenyewe. Ya nne haijayeyuka. Ni ya rangi ya chungwa, imefunikwa kifudifudi, na sisimizi wamejazana juu yake kama juu ya kipande cha nyama. Nyuma kabisa kuna majabali ya pwani ya kwao, Cap de Creus, yakipigwa na jua la jioni. Dalí mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja kichwa kilimuuma, Gala akaenda sinema na marafiki, naye akabaki mezani akilitazama jibini laini la Camembert. Mandhari ya pwani alikuwa ameshaichora, ila ilikuwa haina mtu wala jambo. Kabla ya kulala akaziona zile saa.

Wengi hawajui kwamba picha hiyo ina sentimita 24 kwa 33 tu, kubwa kidogo kuliko karatasi ya A4. Ipo New York, katika jumba la makumbusho ya sanaa liitwalo MoMA, na watu hujipanga mbele yake wakitarajia ukuta mzima, kisha wanainama.

Magritte hatoi ndoto. Anatega kitendawili. Mwaka huohuo wa 1929 alichora kiko cha kuvutia tumbaku, kizuri, kinang'aa, kama cha kwenye tangazo la duka. Chini yake akaandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko safi wa ubao wa darasani: hiki si kiko. Basi. Hakuna mti, hakuna bahari, hakuna sisimizi.

Nilimwonyesha mpwa wangu picha hiyo kwenye simu.

"Mjomba, huyu anadanganya. Ni kiko."

"Haya, kitie tumbaku."

Akacheka, akanyamaza, akairudia picha. Jibu hilo si langu; ni la Magritte mwenyewe kwa waliomlaumu. Kilichochorwa hakivutiki. Ni rangi juu ya kitambaa, na jina lake ni sauti tu tuliyokubaliana. Kwa bahati, lugha yetu inamwongezea Magritte mzaha ambao yeye hakuujua, maana sisi tunaweza kuuliza "kiko kiko wapi?" na lisijulikane lipi ni jina na lipi ni kitenzi. Msomaji wa Kiswahili anaingia kwa mlango wa nyuma, bila tiketi.

Ila vitendawili vya Magritte vina ukorofi mmoja. Vya bibi zetu, ukishindwa unatoa mji na jibu unapewa. Magritte ukimpa mji anauchukua, na jibu hatoi. Hata majina ya picha hayasaidii, kwa kuwa mara nyingi alikusanyika na marafiki, kina Paul Nougé na Louis Scutenaire, wakipendekeza majina yasiyoeleza chochote kilichomo.

Walivyofanya kazi

Dalí alikuwa na hila ya usingizi ambayo unaweza kuijaribu leo. Unaketi kwenye kiti chenye mikono, unashika ufunguo mzito kwa vidole viwili, na chini sakafuni unaweka sahani iliyopinduliwa. Ukisinzia tu, vidole vinalegea, ufunguo unaanguka, sahani inalia, unaamka. Picha uliyokuwa unaiona wakati huo ndiyo unayoikimbiza kwenye turubai. Kadhalika alikuwa na njia aliyoiita ya kiparanoia na kihakiki. Jina ni zito kuliko jambo lenyewe, maana ni kule kutazama kitu kimoja hadi kiwe viwili, kama mtoto anayeona simba kwenye wingu. Katika picha yake ya mwaka 1937 mabata maji wako ziwani, na vivuli vyao majini ni tembo, shingo zikiwa mikonga. Ukishaona tembo huwezi tena kuwaondoa.

Upande wa pili kuna Magritte, aliyewahi kuajiriwa kubuni karatasi za kubandika ukutani katika kiwanda, kisha kwa miaka mingi akachora matangazo ili chakula kipatikane. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, Brussels mwaka 1927, yalipokelewa vibaya. Akahamia karibu na Paris, akakaa miaka mitatu hivi, akagombana na Breton. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya msalaba mdogo ambao Georgette aliuvaa shingoni, naye Breton, asiyetaka kusikia habari za dini, akataka uvuliwe. Magritte na mkewe wakasimama, wakaondoka. Mwaka 1930 walirudi Brussels, wakapanga sehemu ya chini ya nyumba katika mtaa wa Esseghem huko Jette, naye pamoja na nduguye Paul wakafungua ofisi ya matangazo. Alikaa katika nyumba hiyo hadi 1954, na picha nyingi alizichora kwenye chumba cha kulia chakula. Ilipofika saa ya chakula, rangi ziliondolewa.

Njia ya Magritte inaeleweka vizuri kupitia kisa cha yai. Alisimulia kwamba usiku mmoja aliamka katika chumba chenye tundu la ndege, na kwa kosa la macho akaona ndani ya tundu, badala ya ndege, yai kubwa. Hadi hapo wasurealisti walikuwa wanatafuta mshtuko kwa kukutanisha vitu visivyojuana hata kidogo, kama mwavuli na cherehani. Yai na tundu ni ndugu, na bado mshtuko ulikuwepo, tena mkali zaidi. Tangu hapo akawa anafanya kazi kama mtu wa hesabu. Kila kitu kwake kilikuwa ni tatizo lenye jibu moja lililojificha. Tatizo la mlango, tatizo la kiatu, tatizo la dirisha. Tatizo la gari moshi lilipata jibu mwaka 1938: treni inatokeza katikati ya mahali pa moto sebuleni, na moshi wake unapanda kwenye bomba, mahali ambapo moshi hupanda siku zote.

Watu hupenda kumweleza Magritte kwa msiba. Mama yake alijitupa katika mto Sambre mwaka 1912, yeye akiwa na miaka 13, na kwa kuwa baadaye alichora nyuso zilizofunikwa kwa kitambaa, basi wataalamu wa nafsi wamekamata uzi. Yeye hakupenda ufafanuzi wa namna hiyo. Dalí, kinyume chake, angeukaribisha kwa chai. Alimwabudu Sigmund Freud, yule daktari wa nafsi aliyefasiri ndoto, akafanikiwa kukutana naye London mwaka 1938, na alijitangaza mwenyewe kuwa ni mgonjwa mwenye ramani kamili ya ugonjwa wake. Alizaliwa mwaka 1904 miezi tisa tu baada ya kifo cha kaka yake, naye pia aliitwa Salvador, na maisha yake yote aliwakumbusha watu jambo hilo.

Kelele na kimya

Kwa Dalí, mtu na picha vilikuwa biashara moja. Mwaka 1936, kwenye maonyesho ya London, alitoa mhadhara akiwa ndani ya vazi la mpiga mbizi wa baharini, na nusura akate pumzi humo ndani kwa sababu kofia ya chuma ilikwama. Alishiriki na Luis Buñuel kutengeneza filamu, akamchorea Alfred Hitchcock ndoto ya kwenye filamu yake ya 1945, akaanza katuni na Walt Disney iliyokuja kukamilishwa mwaka 2003. Ile nembo ya pipi za Chupa Chups, yenye maandishi ndani ya ua la njano, ni kazi ya mkono wake, mwaka 1969. Breton alishachoka naye mapema, kwa vituko, kwa fedha, na kwa mambo aliyoyasema juu ya Hitler. Akazipangua herufi za jina lake zikawa "Avida Dollars", yaani mroho wa dola. Dalí baadaye alimsifu pia Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, na hilo wengi kwao hawajamsamehe.

Magritte alikuwa na kofia nyeusi ya mviringo na mbwa mdogo. Basi.

Nasema basi, lakini nisimpake mafuta kupita kiasi. Kati ya 1943 na 1947, kuanzia wakati wa vita, aliiacha njia yake akawa anachora kwa rangi za jua kama za mchoraji Mfaransa Renoir, na picha hizo kwa macho yangu zinachosha. Mwaka 1948 akawachorea Waparisi picha za makusudi mbaya, za haraka, zenye matusi, kuwalipiza kwa kumsahau miaka yote hiyo. Na rafiki yake Marcel Mariën alikuja kudai katika kumbukumbu zake kwamba wakati wa vita Magritte aliuza picha za kughushi za wachoraji wakubwa. Yule bwana mpole wa kofia nyeusi naye alikuwa na upande wake wa jikoni.

Sasa wewe unataka nini?

Kama utawatazama kwenye simu, na wengi wetu ndiko tunakowatazama, anza na Magritte. Picha yake haipotezi mengi ikipungua. Wazo linafika lote, hata kwenye kioo kilichopasuka. Amefunika nyuso za wapenzi wawili wanaobusiana kwa vitambaa vyeupe, amewanyesha wanaume wenye kofia kama mvua juu ya paa za nyumba, amemwekea mtu tufaha la kijani mbele ya uso na kumwita Mwana wa Adamu. Unaelewa mara moja kwamba hujaelewa. Zaidi ya hapo, mwenyewe hakuona vibaya kurudia picha moja mara nyingi. Ile ya mchana na usiku, nitakayoieleza chini, alitengeneza matoleo 17 ya rangi ya mafuta.

Dalí kwenye simu anakuwa kikaragosi. Unaona saa imeyeyuka, unasema "aisee", unapita. Kinachomfanya awe mkubwa hakionekani hapo: zile tabaka nyembamba za rangi, lile kokoto moja lililochorwa na kivuli chake, mwanga ulioibwa kwa Vermeer na Velázquez, wachoraji wa kale aliowasoma maisha yake yote.

Kwa hiyo ikiwa wewe unashika brashi na unataka mkono wako ukue, nenda kwa Dalí, hata kama utamchukia. Tafuta picha zake mbili za kikapu cha mkate, ya 1926 na ya 1945. Hakuna kiroja ndani yake, ni mkate tu mezani. Jaribu kunakili ile ya pili na utaelewa kwamba vituko vyote vile vilisimama juu ya ufundi wa kweli. Magritte kwa mkono hana mengi ya kukufundisha. Anapaka rangi kwa usafi mkavu wa mchora mabango. Anachofundisha ni kubuni. Chukua kitu cha jikoni kwako, tuseme mwiko, usikibadilishe hata kidogo, badilisha ukubwa wake au jirani yake. Alifanya hivyo mwaka 1952 kwa chanuo, kipande cha sabuni, glasi na njiti ya kiberiti, vyote vimejaa chumbani, vikubwa kupita kiasi, na kuta za chumba ni mawingu.

Kwenye kununua hapo ndipo nataka usikilize. Bango la kawaida la yeyote kati yao ni halali yako, tundika. Ila mtu akikuletea "chapa halisi ya Dalí yenye sahihi", hata kwa bei ya kirafiki, weka mkono mfukoni na uuache humo. Katika miaka yake ya mwisho Dalí alitia sahihi maelfu ya karatasi tupu, na yaliyochapwa juu yake baadaye ni Mungu ajuaye. Soko la chapa zake limejaa ghushi kuliko la karibu msanii mwingine yeyote wa karne iliyopita.

Kuhusu bei za wakubwa kuna kejeli ambayo huwa inanifurahisha. Picha ya Dalí iliyopata bei ya juu mnadani ni ile ya Paul Éluard, mshairi aliyeondoka Cadaqués bila mke. Dalí aliianza majira yaleyale ya 1929, mgeni akiwa bado yuko. Iliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 20. Novemba 2024, New York, picha moja ya mchora matangazo wa Jette iliuzwa kwa dola milioni 121. Avida Dollars ameachwa mbali na jirani asiyepiga kelele.

Ukipata nauli

Hapa nabadilika kidogo. Kama safari ni moja tu na unasafiri na watoto, au na mtu anayedai sanaa inamchosha, nendeni Figueres, mji aliozaliwa Dalí, chini ya saa moja kwa treni ya kasi kutoka Barcelona. Alilichukua jumba la tamthilia la mji, lililoteketea mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaligeuza kuwa makumbusho yake, likafunguliwa mwaka 1974. Juu ya paa kuna mayai makubwa meupe, kutani kumebandikwa mikate, na uani kuna gari la Cadillac ambalo mvua inanyesha ndani yake. Yeye mwenyewe amezikwa chini ya sakafu. Mwaka 2017 mahakama iliamuru afukuliwe kwa kesi ya mwanamke aliyedai ni binti yake. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha si binti yake, na walioufungua mwili walisema masharubu yalikuwa bado yamesimama mahali pake. Hata kaburini alipata hadhira.

Kwa aliye Brussels, na najua wasomaji wa Kiswahili kutoka Bukavu, Goma na Lubumbashi wapo wengi huko, hakuna sababu ya kungoja. Kutoka Matongé, mtaa wa Wakongo, unatembea kwa miguu, dakika kumi na kitu, hadi Place Royale. Makumbusho ya Magritte yalifunguliwa hapo mwaka 2009 na yana kazi zaidi ya 200. Usizitazame zote. Tafuta toleo la 1954 la picha aliyoiita Himaya ya Mianga, lenye kimo cha karibu mita moja na nusu, simama mbele yake.

Chini ni usiku. Nyumba imefunga, madirisha mawili ya juu yana taa ya manjano, taa ya barabarani inawaka na mwanga wake unarudi kwenye maji yaliyotulia. Mti mmoja mrefu mweusi unapanda katikati. Fuata ule mti kwa macho taratibu. Pale unapotokeza juu ya paa, nyuma yake kuna anga la buluu la saa sita mchana, na mawingu meupe ya pamba. Hakuna mpaka uliochorwa kati ya mchana na usiku. Unarudi chini kuutafuta, unapanda tena, na mlinzi wa chumba, aliyeshaona watu wengi wakifanya hivyo, anakuacha uendelee.